Kitunguu tamu ya mbegu: myezi tano, paka majani, kichwa hakuna

Mama_Keshero (Goma)

Jambo bandugu. Naomba musome yote hata kama ni mrefu, juu nimeshauliza batu tatu hapa kwetu na kila mutu ananipa jibu yake.

Iko hivi. Dada yangu anaishi Marekani, jimbo la Washington, na mwezi wa nane alinitumia saseti mbili ya mbegu ya kitunguu banaita Walla Walla. Anasema kule banaikata vipande vikubwa, banaweka ku mkate, banakula mbichi hivyo na macho haitoki hata chozi moja. Mimi nakaangaka sambaza (samaki ndogo ndogo za ziwa) ya kuuzisha kila jioni na kitunguu njo inanimalizia franka, kuko siku bei inapanda mpaka unaogopa kuweka ku sahani ya mteja. Nikajiambia nikipata tamu, ya kwangu mwenyewe, ya kula mbichi na pilipili pembeni ya sambaza, batu batarudi.

Nikaotesha mwezi wa tisa. Nilichukua basini ya zamani nikatoboa chini, udongo laini, nikafunika kidogo tu, siku ya nane ikatoka kama nywele, karibu yote. Nilifurahi sana. Wiki ya saba nikahamisha, zingine mu magunia, zingine mu kitanda kidogo nyuma ya nyumba. Huku kwetu ni mawe ya volkano, jembe inalia tu, kwa hiyo udongo nilinunua nusu bene (nusu ya lori), nikachanganya na mavi ya mbuzi yenye imeoza. Maji ni ya ziwa, bidoni mbili kila siku asubuhi. Mwezi wa kumi na mbili nikaweka urea, na mwezi wa kwanza nikaweka tena juu muuzaji mbegu mumoja aliniambia ndiyo inaleta kichwa.

Sasa tuko mwezi wa pili. Majani inafika ku magoti, kijani ya kukolea, mtu akipita anasifu. Lakini ukivuta moja, chini ni nyeupe, mnene kama poro (liki), kichwa hakuna. Nimevuta sita, zote hivyo. Jirani anasema ni lava, kwamba kitunguu haipendi udongo ya Goma. Mwingine anasema mbegu ni ya bongo, ya uongo. Muuzaji anasema niongeze urea.

Maswali yangu: nilikosea wapi? Ningoje tena ao ni basi? Na kitunguu tamu, ile ya kula mbichi, inawezekana hapa Goma ao nisahau?

---

agro_wa_Mugunga (Goma)

Mama jambo, na pole sana. Kwanza usiweke urea tena hata kijiko, nitakuambia kwa nini.

Haukukosea. Mbegu pia si ya bongo, na lava haina kosa. Shida ni jua. Kitunguu inahesabu urefu ya mchana, ni vile imeumbwa. Inakaa inatoa majani, majani, majani, mpaka siku mchana inafika urefu fulani, hapo njo inaacha majani na inaanza kujaza kichwa. Mchana isipofika urefu ile, haitajaza, hata uipe mbolea ya dunia nzima. Na kila aina iko na saa yake. Kuko za siku fupi, zinaanza mchana ikiwa ya masaa 10 mpaka 12 hivi. Kuko za katikati, 12 mpaka 14. Na kuko za siku ndefu, zinataka masaa 14, zingine mpaka 16.

Walla Walla ni ya siku ndefu. Muji ya Walla Walla iko kaskazini sana, digri 46, mwezi wa sita mchana yao inakaribia masaa 16. Jua inazama saa tatu ya usiku hivi. Na hiyo kitunguu si ya kule asili, mwanajeshi mumoja wa Ufaransa, Peter Pieri, njo alitoka nayo kisiwa ya Corsica karibu mwaka 1900, kisha balimaji ba pale bakachagua mwaka kwa mwaka mpaka ikazoea jua yao na baridi yao. Sasa sisi hapa Goma tuko karibu kabisa na ikweta, hata digri mbili hazifiki. Mchana yetu ni masaa 12 na dakika kidogo, Januari, Juni, Desemba, ni ile ile. Tofauti ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka muzima ni karibu dakika 12. Kwa hiyo ile kitunguu yako inangoja siku yenye haitakuja. Ukiingoja mpaka Noeli ijayo itakupatia majani tu.

Ni vile naumia nikiona batu banaletewa mbegu nzuri kutoka Ulaya na Marekani, banalima vizuri kabisa kama wewe, kisha banajilaumu.

Urea: ni nitrojeni, kazi yake ni majani. Ukiipa kitunguu nyuma nyuma, shingo inanenepa na haifungi, hata aina nzuri ya kwetu inaweza kukataa kichwa ao kuchelewa, na ile inatoka inaoza haraka. Nitrojeni ni ya mwanzo, mpaka wiki nne ao sita nyuma ya kuhamisha, basi.

Tafuta mbegu ya siku fupi. Ku boîte (mukebe) ao ku saseti mara mingi banaandika kwa Kifaransa «jours courts», ni kusema siku fupi. Red Creole njo inapatikana sana ku maduka ya mbegu, lakini ile ni kali, ni ya mboga na ya kuweka. Kwa tamu, uliza Texas Grano, ao Granex kama unaipata. Vidalia, kitunguu tamu yenye inasifiwa sana Georgia, jimbo ya Marekani, ni ya jamii ya Granex, na ile ni ya siku fupi, banaipanda wakati ya baridi, banavuna mwezi wa ine na wa tano. Kwa hiyo jibu ya swali yako ya tatu ni ndiyo, inawezekana, ila si na mbegu ya dada.

---

kijana_Himbi (Goma)

Aksanti kwa maelezo, sikujua hata kidogo. Swali: mama akiweka taa pale bustani, kutoka saa kumi na mbili ya magaribi mpaka saa ine ya usiku, kitunguu haiwezi kudanganyika?

---

agro_wa_Mugunga (Goma)

Inaweza kudanganyika, kabisa. Ba-researcher banaifanyaka ku serre (nyumba ya kioo ao plastiki ya kulimia). Lakini itakuwa kila usiku bila kuruka, wiki kwa wiki, na umeme yote ile kwa kitanda ya mita mbili. Bei ya kuriyenti peke yake utanunua gunia ya kitunguu. Mama, mbegu ya siku fupi ni rahisi kushinda.

---

Mulimaji_Kafubu (Lubumbashi)

Mama jambo, miye niko Lubumbashi na kitunguu minalima tangu myaka mingi pembeni ya mto Kafubu, si mingi, vitanda kumi na mbili tu. Minaongeza yangu juu kwetu na kwenu si sawa, usifuate kalenda yetu.

Kwetu mvula inaisha mwezi wa ine, kisha ni kavu mpaka mwezi wa kumi. Minatia mbegu mu pepinyeri (kitanda ya kuoteshea miche) mwezi wa tatu ku mwisho ao wa ine mwanzo, minahamisha mwezi wa tano, minamwanga maji na arozwari (ndoo ya kunyunyizia) myezi yote ya kavu, na minavuna mwezi wa nane ku mwisho ao wa tisa, mbele mvula irudi. Ukivunia mu mvula umepoteza. Mchana yetu inachezacheza kidogo, mwezi wa sita ni kama masaa 11 na nusu, mwezi wa kumi na mbili inapita 12 na nusu. Red Creole na Texas Grano zote mbili zinajaza bila shida.

Texas Grano ni ya manjano, kubwa, maji mingi, miye minaikula na chumvi tu na bukari na samaki. Lakini mama sikia vizuri, HAIKAI. Ile maji mingi na ngozi nyembamba njo inaifanya tamu na njo inaiozesha. Miye ikipita mwezi moja na nusu minaanza kutupa. Red Creole minaiweka myezi minne, zaidi. Kwa hiyo Grano usilime kitanda yote siku moja. Tia mbegu kidogo kidogo, kila wiki tatu ao ine, utakuwa unavuna ya sambaza kila mara. Ninyi Goma munabahatika kwa ile juu mchana yenu ni moja mwaka muzima, sisi tuko na nafasi moja tu.

Kingine chenye kilinifundisha kwa uchungu. Kuko mwaka moja nilikuwa na haraka, nikatia mbegu mwezi wa pili, kufika baridi ya mwezi wa sita bitunguu bilikuwa bimenenepa kushinda kalamu. Usiku ya baridi huku inashuka mpaka digri saba, nane. Zikatoa maua, karibu nusu. Kitunguu kwa asili ni ya myaka mbili, mwaka ya kwanza kichwa, ikipita baridi inawaza mwaka imeisha, inatoa maua na mbegu, na yenye imetoa maua katikati inakuwa ngumu kama kijiti. Goma usiku haiko baridi ya vile, naona hamutapata hiyo shida. Na njo sababu mbegu yake tunanunuaka ya kutoka mbali, juu kwa kuitosha mwenyewe unahitaji baridi.

---

Mama_Keshero (Goma)

Mungu abariki nyote. Nilikuwa nimeshaanza kuamini ni mikono yangu. Sasa hii yenye iko mu magunia nifanye nini nayo? Iko kama mia moja na hamsini. Na Texas Grano nitaitafuta, ila naomba mwenye anajua pepinyeri anieleze, juu ya kwanza ilienda vizuri lakini nilikuwa na bahati, jirani yangu alitia ya kwake ikaota kisha ikalala yote siku mbili.

---

Dada_Nyawera (Bukavu)

Yaya, ile ya jirani kulala siku mbili ni ugonjwa ya pepinyeri. Shina inaoza pale pale ku udongo, inakuwa nyembamba kama uzi, inaanguka. Inakuja juu ya maji mingi na kubanana. Huku Bukavu na mvula yetu, mimi nilipoteza pepinyeri tatu mbele nielewe. Nakuambia vile nafanyaka sasa.

Mbegu kwanza. Ya kitunguu inazeeka haraka sana kushinda ya nyanya na zingine, mwaka moja iko nzuri, mwaka ya pili nusu haioti, ya tatu usijisumbue. Angalia tarehe ku boîte, na ukikuta muuzaji anapimia mu kijiko kutoka boîte yenye imekaa wazi ku jua, pita. Gramu moja iko na mbegu kama 250, kwa hiyo kwa bustani ya nyumba gramu mbili ni mingi. Yenye inabaki funga mu chupa kavu weka mu frigo.

Udongo ya pepinyeri: laini, bila mavi mbichi hata kidogo. Nainyanyua, urefu ya kiganja, maji isisimame. Nachora mistari na kijiti, kina ya sentimita moja, ya kutoka mstari kwa mstari kama vidole vine, na natia mbegu moja moja. Najua ni kazi ya kuchosha, mbegu ni ndogo nyeusi kama baruti, lakini ukimwaga kama chumvi ndiyo mwanzo ya kulala. Kisha nafunika na majani makavu. Siku ya saba ya nane ikianza kutoka naondoa majani jioni, si saa sita ya mchana, juu jua itaichoma. Juu naweka shitingi (turubai ya plastiki) ku miti mine, wazi pembeni zote ili upepo ipite, kazi yake ni kuzuia ile mvula ya nguvu. Maji asubuhi tu. Jioni udongo inapashwa kulala kavu juu.

Wiki ya sita mpaka ya nane, ikiwa na urefu ya kiganja na nusu na unene ya kijiti ya kiberiti ao zaidi kidogo, nahamisha. Wengi banaizika sana. USIIZIKE. Mizizi tu na shingo kidogo, sentimita mbili basi, juu kitunguu inajaza ikiwa nusu nje ya udongo, ukiifunika inakuwa ndefu ndefu. Nafasi sentimita kumi kati ya moja na ingine, mistari ishirini. Pale juu ya gunia moja usipande zaidi ya kumi na mbili.

Majani mengine (magugu) ng'oa na mkono, si jembe. Mizizi yake iko juu juu, jembe inaikata. Na kitunguu haina kivuli, majani yake ni kama sindano, magugu inaishinda haraka sana, wiki mbili ukisafiri unakuta umeipoteza.

Hapa kwetu udongo mwekundu ya milima iko na asidi, kwa hiyo natia chokaa kidogo ao majivu ya jikoni wiki tatu mbele. Kwenu ya volkano sijui kama inahitaji, agro atasema.

Shida yangu kubwa mimi ni ile madoa ya zambarau ku majani, inaanza kidogo nyeupe, inapanuka, jani inavunjika. Ni mvula na kubanana tena. Napanda mbali mbali, sirudishi kitunguu pale ilikuwa msimu ilipita, wala poro wala ayi (kitunguu saumu), ni jamii moja. Ikizidi napiga mankozebu (dawa ya ukungu), lakini kwa kitunguu yenye utakula mbichi heshimu siku zenye ziliandikwa ku paketi mbele ya kuvuna, tafadhali.

---

Muzee_wa_Birere (Goma)

Bana bangu mumesema vizuri. Mimi nina mambo mawili tu, ya hapa Goma, na yote mbili ni juu ya utamu.

Ya kwanza, maji. Mama, maji ya ziwa Kivu ni ya magadi na chumvi-chumvi. Ukiacha sufuria yake ikauke utaona ule weupe unabaki. Lengalenga inavumilia, kitunguu ni katika mimea yenye inaogopa chumvi sana. Na mu gunia ni mbaya zaidi, juu udongo ni kidogo, kila siku unaongeza bidoni, maji inaenda na jua, chumvi inabaki. Weka mfereji ku mabati ya nyumba, mvula ikinyesha jaza pipa, kitunguu umpe ya mvula. Kama hauna na ni lazima ziwa, basi mara moja kwa wiki mwaga mingi mpaka itoke chini ya gunia, iteremshe ile weupe. Mimi baada ya lava ya 17 Januari 2002 kupita ku parseli yetu nilianza upya na magunia, udongo ya kununua, na miaka miwili nililia na kitunguu yenye ncha zinakauka mpaka mtoto wangu akaweka pipa. Msimu ile ile ikabadilika.

Ya pili, utamu wenyewe. Batu banafikiri kitunguu tamu iko na sukari mingi. Hapana. Kali mara mingi iko na sukari kama yake ao kushinda, ila ukali inafunika. Ukali na machozi inatoka ku sulfuri, ile yenye kunuka kama kiberiti. Mizizi inaivuta mu udongo, ukikata kitunguu inageuka hewa inaingia mu macho. Kule Georgia kwenye agro alisema, udongo yao ni mchanga na sulfuri ni kidogo sana, ndiyo siri, tangu 1931 mkulima moja Mose Coleman alipoona kitunguu yake haichomi. Mbegu ile ile ukiipanda mu udongo yenye sulfuri inakuwa kali.

Sasa sisi tunakaa chini ya volkano ya Nyiragongo. Moshi yake iko na sulfuri, mvula inaishusha, wote tunajua ile harufu upepo ikigeuka. Kwa hiyo mama, Texas Grano yako itakuwa ya upole kushinda Red Creole, hilo nakuhakikishia, nailima na najua, ila usingoje itakuwa kama ile dada anakula. Unaweza kuisaidia: mbolea yenye jina sulfati usiiguse, samadi weka wiki tatu ine mbele ya kupanda na si mingi, na maji isikosekane wakati inajaza kichwa, juu kitunguu yenye iliona kiu inakuwa kali.

Ikianza kulala majani, nusu ya shamba yakianguka yenyewe, acha maji. Usiyaangushe na miguu kama bengine banafanya. Wiki moja kisha vuna, tandika chini ya mabati kwenye upepo, si ku jua, wiki mbili mpaka shingo inakauka. Grano kula kwanza.

---

agro_wa_Mugunga (Goma)

Muzee umesema, maji ya ziwa mimi nilisahau kabisa na ni kitu kubwa. Mama angalia ncha za majani yako, kama za chini zinakauka manjano kuanzia ku ncha, ni ile.

Kwa dada wa Bukavu, udongo ya volkano ya hapa kwa kawaida haihitaji chokaa, na majivu na maji ya ziwa pamoja ni kuzidisha.

Kwa ile 150 yenye iko: ni majani ya kitunguu kamili, iuzishe hivyo. Kata majani mawili ya nje kwa kila moja, acha ya moyo, siku kumi itakuwa imerudisha. Ao vuta nzima, safisha, funga mafungu, ile nyeupe ya chini inapikwa kama poro. Ukitaka kuacha nafasi ya Grano anza kuvuta zenye ziko mu kitanda, za magunia endelea kukata.

---

Mama_Keshero (Goma)

Nimetoka kuangalia. Ncha ziko manjano, muzee, za magunia yote, za kitanda si sana. Na ule weupe uko ku kingo za gunia, kila siku nauona nikafikiri ni mbolea.

Jana jioni nilikata majani ya magunia mine, nikachanga ndogo ndogo na nyanya na pilipili, nikaweka juu ya sambaza. Fungu yote imeisha mbele ya saa moja, mteja moja aliomba nimwongeze majani tu bila samaki. Kesho mume wangu anaulizia pipa na mfereji ya mabati. Dada ya Bukavu, ile shitingi unaiweka juu kiasi gani? Mita moja inatosha?

---

Dada_Nyawera (Bukavu)

Mita moja iko sawa yaya, na upande moja chini kidogo ili maji iteremke mbali na pepinyeri. Funga vizuri, upepo ya ziwa unaijua.